Mbuzi wa Baba na Kiwanja cha Kaka

Lakkoma,
Samothrake,
12 Novemba 2018

Mpendwa Kaka Stamatis,

Pokea salamu zetu sote. Habari za Stuttgart, na mgongo wako unaendeleaje? Sisi tu wazima, ila Mama miguu imevimba tena. Meli haijaja kwa sababu ya upepo, hivyo dawa zake bado ziko ng'ambo. Ndicho kisiwa chetu. Mtume Paulo mwenyewe alilala hapa usiku mmoja tu akaenda zake, nadhani alishatuelewa.

Kaka, nimezunguka vya kutosha. Kiwanja chako hakipo tena. Mvua ya wiki iliyopita iliuporomosha mlima juu yake, matope yakabeba msingi ulioujenga, mizeituni na ukuta, vyote hadi baharini. Nilisimama pale nikalia kama mtoto.

Usimtafute mchawi. Kila ulipopiga simu ulisema, "Argyro, mbuzi wa Baba asiuzwe hata mmoja, nitarudi niwachunge mwenyewe." Nami nikatii. Wakazaana ovyo, wakatafuna kila mche wa mwaloni uliochipua, mpaka udongo ukakosa mizizi ya kuushika. Jana nilipanda kutazama palipokatika. Nikawakuta wamesimama palepale wanacheua, na masikio yao yana ule mkato wa familia yetu aliotufundisha Baba.

Jirani yetu Lefteris hakunionea huruma. Alipaza sauti mkahawani mbele za watu: "We binti Nikolas! Mbuzi wenu wameula mlima, sasa mlima unawala nyie. Bado mnataka jibini?" Watu wakaangua kicheko. Na hajakosea.

Najua umevumilia kiwanda miaka yote hiyo kwa ajili ya nyumba uliyotaka kuijenga hapo. Lakini usije, kaka. Hapana pa kujenga, na mlima bado unashuka. Hata tukiwauza mbuzi leo, maji yakimwagika hayazoleki.

Binamu Vangelis na mkewe wanakusalimu, padre naye anakuombea. Bikira Maria akufunike huko uliko.

Mama sijamwambia. Hatoki ndani, na macho yake hayafiki mbali. Amenishika mkono hapa ninapoandika, anataka maneno yake yaingie kabla sijafunga: "Mwambie mwanangu, dirisha la chumba chake aliweke upande wangu, nikikohoa anisikie."

Dada yako akupendaye daima,
Argyro