Sindano Ameacha Kuuma

Njoro

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mwanao ni mzima, ila baridi ya huku bado inanitafuta mifupani. Goti lako je? Na yule paka wako wa jikoni, angali anakulilia kila ukikuna nazi? Nauliza kwa sababu barua hii ni ya paka.

Hapa ghalani tunashona magunia ya ngano, na panya walikuwa wametuzidi. Nikaokota mtoto wa paka, mdogo mno, mamake hajulikani aliko. Kosa likawa letu. Ukishona gunia, uzi unacheza na vidole vinacheza. Yeye akavirukia, sisi tukacheka, tukampa vidole zaidi. Meno yalipokomaa vicheko vikaisha, tukamwita Sindano. Wenzangu wakawa wanampiga kofi puani, naye akidhani mchezo umekolea, anazidi kuuma.

Siku moja akamng'ata mnyapara wetu, mzee Kiprono, hadi damu ikatoka.

"Hii paka mbaya sana! Mimi napatia wewe mpaka Jumamosi ile ingine. Ikiuma mtu tena, naweka kwa gunia, natupa kwa mto."

Nikamjibu mbele ya watu wote kwamba mama yangu amelea paka maisha yake yote, na mimi ni mwanawe, kwa hiyo huyu atanyooka. Kisha nikaingiwa na hofu, maana sikujua nianzie wapi.

Ndipo nikakumbuka mdogo wangu Zuhura alipokuwa akikuuma kwa meno yake mapya. Hukumchapa. Ulisema "Basi," ukamweka mkekani, ukaondoka kimya. Nami nikafanya vivyo hivyo. Sindano akiuma, sivuti mkono, maana ukivuta anakaza. Nautuliza, nasema "Basi," nainuka. Akishapoa namrushia kitambaa nilichokifunga kwenye uzi mrefu, akiue hicho apendavyo. Taabu ilikuwa wenzangu, vidole haviwatulii. Nikatangaza kwamba atakayempa Sindano kidole hanywi chai yangu ya tangawizi. Kwa baridi hii, mama, walinyooka kabla ya paka!

Jumamosi ikafika. Mnyapara akainama, akamnyooshea kidole kilekile chenye kovu. Tukaacha kushona. Sindano akakinusa, akakilamba, akarudi kwenye kitambaa chake. Nilipiga kelele kama tumefunga bao.

"Nani alifundisha wewe hii maneno?" mzee akauliza.

"Mama yangu."

"Basi andikia yeye. Ambia yeye paka inakaa."

Ndiyo nimekuandikia. Nisalimie Zuhura, umwambie meno yake ya utotoni yameokoa roho. Nisalimie na mjomba Bakari, mshona kofia wetu, aliyesema huku bara sitaweza kitu. Asomewe barua hii yote, tena kwa sauti.

Na jana, mama, nimemfuma mnyapara mwenyewe nyuma ya magunia, anamchezesha Sindano kwa kidole. Nikamnyima chai. Akanywa maji.

Mwanao asiyekusahau,
Athumani