Jina Nililochezea Softiboli

Dengfeng, Guangzhou
Jumapili asubuhi

Mwalimu,

Shikamoo. Najua marahaba yako haitanifikia, lakini kukuandikia bila kukuamkia, mkono umekataa.

Bado nipo Guangzhou, katika chumba kile cha ghorofa ya saba. Mvua inanyesha tangu juzi. Huko chini wauza simu wameshaanza kuitana, ila leo mimi siendi sokoni. Nimeona nikae nikupe habari za timu, maana umeondoka mambo yakiwa katikati. Na ninalo deni langu mwenyewe, ambalo ilinipasa kukulipa ukiwa hai.

Siku uliyofariki nilikuwa Guangyuan Xilu, kwenye ngazi za soko la nguo, nawasubiri wapagazi na mizigo yangu. Rehema wetu wa timu akanipigia. "Dada Hawa, Mwalimu Felista ametutoka. Ni ile sukari yake." Nikamjibu asante. Asante, Mwalimu! Nikarudi dukani kubishana na laoban, yule mama mwenye duka, juu ya zipu mbovu, kana kwamba sikusikia kitu. Jioni jirani yangu Mama Béa, Mkongomani wa Lubumbashi, alinikuta nimekaa kitandani na viatu miguuni. Akanishika mkono: "Dada, mutu halie peke yake. Kuya tukule." Nikala bukari yake, ugali wa kwao, huku nalia. Aliponiuliza ulikuwa nani kwangu, nikasema ulikuwa mwalimu wangu wa jiografia. Zaidi ya hapo nilishindwa.

Wewe wajua nilishindwa kwa nini.

Nani mjini kwetu aliijua softiboli kabla yako? Yule Mjapani wa hisabati alipomaliza mkataba wake aliacha glavu sita, magongo mawili na kijitabu cha picha, na mkuu wa shule akataka vifungiwe stoo. Ukavichukua wewe, ambaye hata kukimbia ulikuwa hukimbii. Ulisimama kwenye uwanja wa nyuma ya stesheni, kijitabu mkono mmoja, ukatuambia, "Picha ya tatu inasema mkono uzunguke kama gurudumu, mpira utoke chini, pajani. Haya, nani anaanza?" Nikaanza mimi. Mpira wa nne ukamkosa mdakaji ukaenda kuvunja kigae cha ofisi ya stesheni, na ukapiga makofi. Mpaka leo sijui ulikuwa unashangilia nini.

Wasichana wa mji mdogo wa machungwa, nusu yetu peku, tukaanza kuzifunga shule za wilaya nzima. Mipira yangu hawakuiona. Ilipita, wakapiga hewa. Akina mama wa sokoni wakawa wanafunga meza mapema waje kututazama. Na walipokuwa wakiniita walikuwa wakiita, "Mwanaisha! Mwanaisha!"

Maana mashindano yalikuwa ya wasichana wasiozidi miaka kumi na sita, na mimi nilikuwa na kumi na saba. Nilichelewa kuanza shule kwa sababu ya kumuuguza bibi. Nikakuletea kadi ya kliniki ya mdogo wangu. Ulipouliza mbona inasema Mwanaisha, nikakuambia Hawa ni jina la nyumbani tu, lililobaki hata shuleni. Ukaamini. Ukaandika.

Kisha ukaja kwetu kumwomba mama ruhusa niende Tanga kwenye mashindano ya mkoa. Mama akafurahi, akaita, "Mwanaisha, mletee mwalimu chai!" Akatoka mdogo wangu na sinia.

Ulimtazama yeye, ukanitazama mimi. Ukainywa ile chai yote, taratibu. Halafu ukamuuliza mama, kama mtu anayezungumza tu, "Na huyu mkubwa?" Mama naye, kwa fahari: "Huyu nilimzaa wakati wa ule msako wa walanguzi, Mwalimu. Hata sabuni ya kumfulia nepi hatukuipata."

Nilikuona ukihesabu miaka. Nilikusindikiza hadi barabarani. Nilidhani utanipiga. Ukasema, "Hawa, umri si dhambi. Kadi ndiyo dhambi." Ukaenda zako.

Kesho yake ulimwambia mkuu wa shule, "Hachezi. Ni uamuzi wangu." Akakuuliza sababu, ukarudia maneno yaleyale. Wenzangu walikwenda Tanga bila mrushaji wa maana, wakafungwa kumi na nne kwa moja. Mji ukakugeukia. Wakasema una roho mbaya, wakasema umenionea kwa kuwa kwetu ni maskini. Pale sokoni mama wa mchicha alikataa kukuuzia, mimi nimesimama hapo hapo, nikatazama pembeni. Ungesema neno moja tu, ungepona. Lakini neno hilo lingenifukuzisha shule, na timu ingefungiwa. Hukulisema. Na mimi sikulisema.

Jumatatu iliyofuata ulinijia na Rehema, kitoto cha kidato cha kwanza, mikono kama vijiti. "Mfundishe," ukasema. Nikakataa. Nilikataa wiki nzima, nikawa napita njia ya mbali nisiuone uwanja. Hukunifuata. Siku niliyokuja mwenyewe hukunisifu wala hukunilaumu, ulinipa mpira tu. Rehema alirusha juu, akarusha nyuma, akampiga mbuzi wa stesheni-masta. Nikamshika bega, nikamwambia asitazame mpira, atazame glavu. Kufikia likizo alikuwa akirusha kunishinda. Nilimwonea wivu, Mwalimu, kisha wivu ukaisha, sikujua umeisha lini. Mwaka uliofuata tukawa wa pili mkoa mzima, na mwaka uliofuata tena tukalichukua kombe. Nasema tukalichukua, ingawa nilikuwa nimekaa kwenye benchi na ndoo ya maji.

Nilipofika huku na kukutumia glavu nane, zote zikawa za mashoto. Nilitaka ardhi inimeze. Ukaniandikia, "Usijali. Tumegundua tunao mashoto wawili, walikuwa wakijificha." Ile barua nacheka nayo mpaka leo.

Sasa habari. Rehema ndiye mwalimu wa timu siku hizi. Mwezi mmoja baada ya kukuzika walipata nafasi ya kwenda Dar es Salaam, mashindano ya taifa ya vijana. Nilikwenda soko la Shisanhang kutafuta jezi. Kila duka mei you, hakuna, hawashoni jezi kumi na tano, wanataka mia tano. Siku ya tatu laoban mmoja akanihurumia. Akauliza maandishi ya kifuani maana yake nini. Ni jina la mji, nikamwambia. Akauliza ni mji mkubwa? Nikamwonyesha kwa kidole na gumba. Akacheka, akashona.

Basi siku niliyokwenda kuzichukua, Rehema akapiga simu. Sauti yake nikaijua kabla hajafika kwenye jambo lenyewe. Mrushaji wao, binti anaitwa Zawadi, amezidi umri kwa miezi minne. Mzee mmoja wa kamati ya timu amekwishamtafutia karatasi nyingine. "Dada Hawa, nikimtoa, mji utanila nyama. Nisipomtoa, hakuna atakayejua. Mwalimu angefanyaje?"

Watu wanapita na mabunda kichwani, wananisukuma, na mimi nimesimama na jezi zangu katikati ya njia. Nikamwambia, Mwalimu. Kadi, sinia, chai, yote. Miaka yote hiyo Rehema naye aliamini ulinitoa kwa chuki.

Nikamwambia, "Nilipokuwa nashinda, uwanja mzima ulikuwa unamshangilia mdogo wangu. Mimi hakuna aliyeniita. Usimfanyie Zawadi hivyo. Mtoe, lakini usimwache mkono. Nenda naye Dar, akae na warushaji wadogo."

Akamtoa. Wakamtukana siku tatu. Zawadi alilia, akasusa, kisha akapanda basi pamoja na wenzake.

Wamefika fainali, Mwalimu. Wameshindwa kwa pointi moja, tano kwa nne, na aliyerusha ni binti wa miaka kumi na nne ambaye Zawadi alimnoa kwa siku tisa. Waliporudi mji mzima ulikuwa umejipanga barabarani. Jana walinipigia wakiwa wamezunguka simu moja, makelele matupu. Nikawaomba kila mmoja aniambie jina lake. Wakasema, mmoja baada ya mwingine, wengine kwa aibu, wengine wakipiga kelele. Zawadi akawa wa mwisho, akasema jina lake na la baba yake na la babu yake.

Nilipokata simu nilitafuta kalamu na karatasi hizi. Nimekuachia mzigo wangu ukaubeba mpaka kaburini, na watu waliokuzika, wengine bado wanadhani ulikuwa na roho mbaya. Rehema peke yake kujua haitoshi.

Mwezi ujao narudi nyumbani. Nakuahidi nitasimama pale uwanjani mbele ya wasichana na mama zao, na mama wa mchicha awepo, na mama yangu awepo, niseme kwa mdomo wangu nilichofanya na ulichonifanyia. Kisha nitakuja kaburini kukuambia walivyonijibu, hata kama watanizomea.

Lala salama, Mwalimu wangu. Nisamehe kwa kuchelewa.

Mrushaji wako wa kwanza,
Mwanahawa