Leseni Yetu ya Mwatiko Imetoka

Takaungu,
Kilifi.
Jumatatu, 15 Aprili 2024.

Mwanangu mpendwa Sahla,

Assalaam alaikum. Natumai wewe, mumeo Faiz na watoto huko Maskati mu wazima, na lile goti lako limepoa. Nakupa mkono wa Iddi. Mimi ami yako nimetimiza miaka sabini na tisa. Nimewazika ndugu wanne, baba yako akiwamo, Mungu amrehemu, na madaktari wawili walionionya kuhusu tumbaku. Siumwi popote.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu. Mjukuu wangu Afiya alitaka kukuandikia kwenye simu, nikamkataza. Habari kubwa yataka karatasi.

Leseni ya bwawa imetoka! Ijumaa nimeishika, ina muhuri wa serikali na jina langu mimi, mwenyekiti wa kikundi. Tutafuga samaki wa mwatiko kwenye ule uwanda wa chumvi nyuma ya mikoko, ambao marehemu baba yako aliutamani miaka yote.

Lakini ilibaki kidogo tuikose. Tuliambiwa kikundi kisichopata leseni kabla ya Aprili kwisha, uwanja wake utapewa wengine. Na jirani yangu Mangi alikuwa na kikundi chake tayari, majembe yamenolewa.

Mwanzo wa mwezi alikuja bwana samaki, afisa kijana kutoka bara, jina lake Laban. Akapigilia vigingi vya bwawa chini kabisa, karibu na maji. Siku hiyo ilikuwa ishirini na mbili Ramadhani, maji mafu, bahari imelala. Nikamwambia, "Mwanangu, mwezi ukiandama litakuja bamvua, maji yatajaa mpaka hapa yachukue bwawa na samaki." Akanijibu kwamba amesomea mambo hayo miaka minne. Basi nikaving'oa vigingi vyote sita, naye anatazama.

Nduku muuza samaki, katibu wetu, alishika kichwa. "Mzee Msellem, hukung'oa vigingi, umeng'oa leseni yetu!"

Mangi naye akapaza sauti: "Mwacheni babu! Atafuga mwatiko kwenye sufuria!"

Walicheka mpaka nikawaonea huruma. Mke wangu Mishi alininunia siku mbili, futari nikijipakulia mwenyewe.

Laban akasema ataandika kwamba tumekataa maagizo. Nikamwambia, "Andika, lakini usitie sahihi mpaka uje siku ya mwisho ya mfungo, alasiri." Yule kijana ana adabu, akaja. Akaegesha pikipiki pale pale penye matundu ya vigingi vyake, tukapanda hadi kwenye kigingi nilichokipigilia mimi, akafungua ramani. Sikumwambia aisogeze pikipiki. Sikuulizwa.

Maji yakaja, Sahla! Yalipita kwenye mikoko kama yameitwa. Laban kuinua macho, injini imeshazama. Akakimbia na viatu vyake, anavuta, na Mangi, aliyekuja kutucheka, anasukuma nyuma. Mimi niko juu, mkavu, na swaumu yangu. Nilikuwa nimesema maji yatakomea hatua kumi kutoka kigingi changu. Yalikomea hatua mbili. Hilo usimwambie mtu.

Laban akarudi amelowa, akaniambia, "Shikamoo tena, mzee." Akachora upya, bwawa likasogea juu, na tuta likaongezwa urefu. Siku ya tatu leseni ikatoka.

Kesho tunaanza kuchimba, na jembe la kwanza ni langu, nimeshawaambia wote. Mwakani njoo ule mwatiko wa kupaka wa bwawa letu.

Mishi na Afiya wanakusalimu sana. Mungu akuzidishie riziki, akukinge na husuda, aturudishie wewe na wanao salama.

Mimi ami yako nisiyekusahau katika dua,
Msellem

Najua utasema ami kaongeza. Muulize Nduku, muulize Laban. Zaidi muulize Mangi, maana yeye hanipendi.