Mbwa Mwitu Waliomzunguka Massawe

Alhamisi usiku

Na bado nasema, Kariakoo nzima hakuna anayeujua mchezo ule kunishinda mimi. Niliutoa melini, nikautengeneza upya. Mimi nasimulia nchi ya majini na milima ya shaba, Massawe anatembea humo kama mwindaji, na dadu ya ludo inaamua kama atapona. Tulikuwa tunacheza juu ya kaunta ya duka lake, wateja wakituona wendawazimu.

Leo jioni mbwa mwitu wamemzunguka mwindaji wake. Akarusha dadu. Moja. Kwa sheria yangu mwenyewe, kaliwa.

"Waache wanile, Baharia," akasema. "Duka wamelichukua, sasa ni la ushirika. Kesho naenda Moshi, na sirudi."

Nilidhani anatania. Hakuniangalia.

"Mbwa hawa hawali Wachaga," nikamwambia. "Wamekaa chini, wanakungoja."

"Unaiba, bwana!"

"Nchi ni yangu. Nani atanikamata?"

Akacheka mpaka akafuta macho. Kisha akanipa dadu, akafunga mlango.

Mimi niliyeaga watu Bombei na Hamburg kama natema mate, leo kwaheri imenishinda. Nikamwambia tu, "Usichelewe zamu yako."

Hapa chumbani nimejaribu kucheza peke yangu. Nimemrushia Massawe dadu, ikatoka sita. Mbwa wakampisha.

"Umepona, mshenzi wewe!" nikapiga kelele.

Jirani akauliza kutoka upande wa pili wa ukuta, "Nani alikuwa mgonjwa?"