Baba na Wakili Wake wa Uingereza

Kamuli, Jumamosi

Kwani mimi nasomea nini, ushonaji? Nami niko mwaka wa tatu wa sheria. Lakini jirani alipong'oa milamula yetu ya mpakani, Baba alimpigia binamu yangu Devota, mzaliwa wa Dar, anayesomea uwakili Uingereza. Mimi nimekaa palepale namenya ndizi.

"Wakili, tufanyeje?"

Wakili! Hata hajamaliza.

Baadaye Devota akaniandikia: "Dada, mlamula ndiyo nini?" Nikamweleza: ni mmea wa kuonyesha mpaka, atafutwe mzee aliyeuona ukipandwa, atoe ushahidi.

Jioni Baba akaniita, uso unang'aa. Devota kasema tumtafute mzee aliyeona milamula ikipandwa.

"Umeona kusoma? Mwombe awe anakufundisha."