Mama Pacha na Wastani

Jumatatu, 4 Machi
Wastani umenitia aibu. Nimekokotoa na kurudia — hakuna tofauti! Watu wanaouguza wagonjwa nyumbani wamehudhuria vikao vyetu vya Jumatano miezi yote hii, na hesabu inasema mzigo wao ni uleule. Uongozi ukiliona jibu hili, vikao vinafungwa. Chai imepoa mbele yangu.

Jumanne, 5 Machi
Leo nimewatazama mmoja mmoja. Kumbe! Karibu wote wamepata nafuu, kidogo kidogo. Ila Mama Pacha — alama zake za mzigo kwenye dodoso letu zimeruka juu mno, zikauvuta wastani wote. Mumewe alipata kiharusi cha pili majuzi. Sasa hata kumeza ni shida. Nani asingelemewa?
Msimamizi wangu anashauri nimtoe, eti ni data iliyopotoka. Nikamwambia huyu hajapotoka, amefikwa. Akafuta miwani yake.

Alhamisi, 7 Machi
Nimeachana na wastani. Nimepanga mabadiliko ya kila mtu kwa ukubwa, dogo hadi kubwa, nikahesabu nafasi ya kila mmoja tu, si ukubwa wa alama zenyewe. Mama Pacha yumo, kashika nafasi ya juu kabisa kwa upande mbaya — lakini ni nafasi moja, haiwamezi wenzake. Tofauti hiyo hapo, waziwazi! Nimecheka peke yangu kama mwehu.
Msimamizi kanishusha. Mpango tulioupeleka kwa uongozi ulisema wastani. Ukishaona jibu ndipo ubadili njia, nani atakuamini? Kweli tupu, na inauma. Kikundi kidogo hivi, ningechagua nafasi tangu mwanzo. Basi, tutaweka majibu yote mawili mezani na kusema lipi lilitangulia. Liwalo na liwe.

Ijumaa, 8 Machi
Uongozi unakaa leo mchana. Nimefika, namkuta Mama Pacha mlangoni kwangu, ndala miguuni. Muuguzi wetu, mdomo hauna breki, kamwambia hesabu imekwama kwa sababu yake. Kaja kuomba atolewe, wenzake wasikose pa kupumulia. Jamani! Nimemkalisha, nikamweleza kwamba hatoki mtu, na kwamba wengi wamepata nafuu.
“Na mimi?”
Nilimshika mkono tu.
“Jumatano nikija hivihivi nilivyo, sitawaharibia?”
Nikamwambia aje. Nilipogeuka kumtafutia maji, kasinzia, kichwa ukutani. Simu inatetemeka mezani — wameanza mapema, wananiita — na mimi sina moyo wa kumwamsha.