Neno Lako Nililolisema Mkutanoni

Nyumbani, nyuma ya kiwanja cha matofali,
Jumapili asubuhi, mvua imekatika.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo wewe, hajambo shemeji, hawajambo watoto? Kifua chako kimepoa au bado kinakoroma kama gari bovu? Mimi ni mzima kama chuma. Magoti yananung'unika nikiinuka, ila mwenye magoti hanung'uniki. Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe, sikumbembeleza mtu. Herufi zikilala upande zisamehe, nazo zimezeeka.

Bonde la matete bado lipo. Asubuhi naenda kukaa ukingoni na kikombe changu cha chai. Ukungu unapanda polepole kutoka majini, matete yanapotea, kisha yanarudi moja moja kama watu waliokuwa safarini. Nakaa mpaka chai inapoa, sijui nimelala au niko macho. Jana nilikuona umesimama ng'ambo, suruali umeikunja, unanicheka. Nilipokuita, kumbe ni ndege korongo, akaruka akaenda zake.

Basi bonde hilo wanataka kulijaza kifusi. Amekuja bwana mmoja na michoro mirefu, watu wamembandika jina la Ramani. Anasema atajenga nyumba za kupanga, za bei ya watu wa chini. Na watu wanazihitaji, sikufichi. Kodi zimepanda mpaka fundi viatu analala kibandani kwake, kichwa kwenye ngozi, miguu kwenye viatu vya watu.

Mwanao, binti yangu yule mkunga, yuko chumba kimoja na mume na watoto. Godoro la watoto likitandikwa, mlango haufunguki. Ameniambia wasipopata nyumba hapa watahamia mbali, huko ambako nitawaona kwa bahati. Wajukuu zetu hao!

Juzi tukaitwa mkutano kwenye ukumbi wa shule. Nilisimama wa kwanza, unanijua. Nilisema mpaka vioo vikatetemeka. Nikasema maji ya visima vyetu yanalala pale bondeni, mkiyafukia mtachota vumbi. Makofi, mdogo wangu! Mwenyekiti mwenyewe hajawahi kupigiwa makofi ya namna ile. Nikakaa, nikakunja nne.

Mara akasimama mwanao, mtoto mgongoni.

"Baba," akasema, "vyura wana nyumba. Mimi sina."

Ukumbi mzima ukacheka, hata Ramani. Nikamwambia, "Mama, kaa chini, utamwamsha mtoto."

"Mtoto ameshaamka, baba. Wewe ndiye umelala. Hicho kiwanja chako cha matofali ni kikavu, kimeinuka, kinaota nyasi miaka yote. Unamwekea nani?"

Ukumbi mzima ukanigeukia.

Kweli ni kwamba nakuwekea wewe. Kila mvua ikiisha nafyeka nyasi kuzunguka tanuri letu la kuchomea matofali, kwa sababu ulisema siku ukirudi tutaliwasha tena, wewe ukikanda udongo, mimi nikipanga. Pale pale mkutanoni nililiona linafuka moshi, nawe umepakaa tope hadi viwikoni, na baba yuko nyuma yetu anatugombeza kwa upole. Nikasahau niko wapi. Lakini huu mdomo wangu usiojua kushindwa ukajisemea:

"Nani kakwambia namwekea mtu? Mimi na mdogo wangu tulishapatana zamani! Kiwanja tunakitoa, nyumba zijengwe huko, bonde liachwe!"

Vigelegele, acha! Fundi viatu alininyanyua juu, nusura anibwage. Mwanao akauchukua mkono wangu, akauweka shavuni, akalia bila sauti. Ningeanzia wapi kusema kwamba hatukupatana kitu?

Unakumbuka baba alivyotuachia kile kiwanja. Hakupima wala hakuweka mpaka. Alitubonyezesha vidole gumba kwenye tofali bichi moja, mimi upande huu, wewe ule, akalichoma. Akasema hapa hatoi mtu hata kipande bila mwenzake kujua. Nami nimekitoa chote kwa pumzi moja, wewe uko mbali unakunywa dawa ya kifua.

Zamani ningekwambia mkubwa akisema mdogo hufuata, yakaisha. Leo sikwambii hivyo. Nakuomba. Umewahi kunisikia naomba?

Masharti nimeyakaza mwenyewe, hapo usiwe na shaka. Kodi iwe ya kulipwa na mtu wa kibarua, na waliopanga hapa hapa wapewe kwanza. Ramani alijaribu kuchezesha maneno, nikamtazama tu, akanyooka. Sasa wanangoja neno lako, kwa mwandiko wako.

Ukikataa, nitarudi ukumbini na kusema mdogo wangu hakujua lolote, ni mimi niliyemsemea. Itaniuma kuliko jino, lakini nitasema, na mwanao atafunga mizigo, na bonde sijui kama litapona. Sitakulaumu. Haki yako ni haki yako.

Ukikubali, tanuri litabomolewa. Hatutaliwasha tena. Siku ukirudi hutakuta pa kukandia udongo. Utakuta milango imepangana, kelele za watoto, nguo zimeanikwa, na mbele yao matete yanainama na upepo.

Msalimie sana shemeji, mwambie bado ni mimi ninayecheza bao vizuri kuliko mumewe. Msalimie yule kijana wako dereva, aendeshe taratibu. Shangazi yetu wa huko mshike mikono yote miwili kwa niaba yangu. Shemeji yako wa zamani wa utani, mke wangu, anasema vaa sweta.

Mungu akulaze pakavu, akuamshe na pumzi nyepesi.

Jana jioni nilikwenda nikakaa ndani ya tanuri, kwenye mdomo wake, mpaka giza likaingia. Nusu yangu nimeshaililia. Nusu iliyobaki ni yako.

Wako akupendaye kuliko anavyojua kuandika,
Kaka yako mkubwa.